Upepo Kwenye Breki za Muhonja

Muhonja, mwana wa dada yangu,

Kabla hujaendelea kusoma, fahamu kwanza ni nani anayekuandikia. Anayekuandikia ni mtu ambaye, kama angezaliwa bila mikono, barabara yote kutoka Webuye mpaka Kisumu ingekuwa na misalaba pande zote mbili kama ua wa michongoma. Gari lolote linalosimama leo hapa Kakamega linasimama kwa sababu yangu, ama kwa sababu ya fundi aliyechungulia nikifanya kazi. Wakubwa wa serikali, ambao majina yao siyaandiki kwa sababu karatasi hupotea, wamelala usingizi viti vya nyuma wakijua breki zao zimeshikwa na mkono huu. Kuna mmoja alitumana kutoka Nairobi, akasema, "Sitaki mwingine, nataka yule wa Khayega." Nikamjibu asubiri, nilikuwa nakula.

Haya. Umeshajua.

Sasa ni saa kumi za mchana na mvua imeanza, ile yetu ya kila siku isiyochelewa kazini. Wewe uko Malinya kwa bibi yako, umeenda kumuaga, na najua hatakuachilia mpaka ule mara mbili. Kesho asubuhi unatia pikapu gia unaenda Ahero kuanza hiyo biashara yako ya kubeba mchele. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, na vijana wa kule wenye maneno matamu nimemwachia mama yako. Ameanza kuyasema tangu Jumapili na bado hajafika katikati. Mimi nimerarua karatasi hizi kwenye daftari la zamani, nimekaa hapa mezani, na nitakuandikia juu ya breki.

Utasema: breki si zimepona, khotsa? Zimepona. Jana jioni ulikanyaga mwenyewe, pedali ikakataa kushuka, ukacheka. Lakini namna zilivyopona nilikudanganya, na kesho utaushuka ule mteremko wa Kiboswa, Kisumu nzima iko chini yako kama sahani, ukiwa umebeba uongo wangu ndani ya gari. Mzigo huo sitaki uusafirishe. Gari alikupa baba yako macho yalipomwacha, lakini kazi ya kulifanya lisimame nilipewa mimi. Unakumbuka mama yako alivyosema mbele ya kila mtu? "Wewe ndiye khotsa wake. Mtoto haendi safari bila baraka za mjomba. Basi baraka zako mwaka huu ni breki. Zingine kaa nazo."

Kwa hiyo nilipokosea breki, nilikosea baraka. Ndiyo maana naandika.

Turudi Ijumaa. Pedi za zamani zilikuwa zimekwisha mpaka chuma kinasugua chuma, gari likisimama linalia kama nguruwe wa Krismasi. Nikakwambia hiyo ni kazi ya saa moja. Nikatoa magurudumu ya mbele, nikakuta zile kalipa, yaani yale mataya ya chuma yanayobana diski, zimeshika kutu. Fundi wa kawaida angetia pedi mpya juu ya kutu na kwenda zake. Mimi si wa kawaida. Nikazifungua zote mbili, nikazitoa kabisa garini, nikaziosha katika beseni moja la mafuta ya taa. Wewe ulikuwa sokoni. Waliokuwepo ni wale wazee wawili wa pale dukani, na wazee wakikaa karibu na fundi hutaka hadithi, nami siwezi kumnyima mzee hadithi. Nikawapa ile ya mkubwa wa Nairobi huku nikifunga. Sikuangalia mikono yangu inafanya nini. Nilikuwa naangalia macho yao.

Jumamosi asubuhi ukaja, tukapanda tukajaribu gari. Hiyo sehemu unaijua, lakini niache niisimulie, kwa sababu nimeisimulia pale Khayega mara saba na kila mara ilikuwa tofauti. Hii ya leo ndiyo ya kweli.

Tulishuka ule mteremko wa kuelekea mtoni. Mbele yetu watu wamejaza barabara, wanapeleka dume la ng'ombe Malinya kwenye mapigano ya mafahali. Ngoma za isukuti zinalia, tarumbeta inalia, vijana wanakimbia mbele na nyuma na matawi, na dume mwenyewe anatembea katikati kama chifu. Ukakanyaga. Gari likaenda.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, khotsa!"

"Kanyaga tena!"

"Inaingia mpaka chini!"

"Piga pampu! Piga! Piga!"

Ukapiga mara tatu, ya tatu ikashika, na gari likasimama bampa imegusa paja la yule dume taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Dume akageuka akatutazama. Pale Khayega nimesema nilishuka nikamsemesha kwa lugha yao mpaka akainamisha kichwa. Wewe ulikuwepo. Unajua nilichofanya. Nilipandisha kioo.

Mwenye dume akaja na fimbo yake dirishani kwangu. "Fundi! Umeleta hiki kikopo chako kipigane na dume wangu? Malinya bado ni mbele."

"Ni pedi mpya, mzee," nikamwambia kupitia kioo. "Bado hazijazoea."

"Hazijazoea nini? Kusimama?"

Watu wakaangua kicheko. Halafu akainama akachungulia upande wako. "Kumbe dereva ni msichana! Jamani, msichana ndiye amesimamisha. Fundi alikuwa anaomba!" Na kabla hatujaondoka, mpiga ngoma mmoja alikuwa ameshatunga wimbo, fundi anaomba, fundi anaomba, mpaka leo watoto wananiimbia nikienda kununua chumvi.

Nawe hukucheka. Mguu wako ulikuwa bado unaikanyaga ile pedali, gari limeshasimama. Niliuona.

Sasa hilo neno la "hazijazoea" nataka nilifungue, kwa sababu utalisikia kwa mafundi wengine. Lina ukweli ndani yake. Pedi mpya na diski ya zamani ni kama bibi harusi na mama mkwe, siku za kwanza hazigusani vizuri. Ukifunga pedi mpya tafuta barabara tambarare isiyo na watu, kimbia kidogo, ukanyage pole bila kufunga magurudumu, uachilie, uache zipoe, urudie tena, kama mara ishirini hivi. Baada ya hapo zinauma. Hata ile pedali kuzama mara ya kwanza kabisa, gari likiwa bado halijatoka ulipolifungia, si ajabu, kwa sababu fundi amerudisha pistoni ndani ili pedi nene ziingie. Unapiga pampu mara chache gari likiwa limesimama, inapanda, inabaki juu.

Lakini sikiliza tofauti. Pedi ambayo haijazoea, pedali yake iko juu na imekaza, ni gari tu linalochelewa kusimama. Yako ilikuwa inazama, unapiga pampu inapanda, ukikaa kidogo inazama tena. Hiyo si mazoea. Huo ni upepo umeingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayakubali kubanwa, yanasukuma. Upepo unakubali, unajikunja kama mtu anayekubali kila kitu unachosema na hafanyi hata kimoja. Nilijua tofauti hiyo palepale, dume bado anatutazama. Na nikasema hazijazoea.

Nilimwambia mtu mwingine maneno hayo hayo zamani, na sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa bado mdogo, unakaa juu ya tairi na kunipa spana. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, na gari dogo jeupe alilokuwa analiogesha, ungedhani ni mtoto. Nilimfungia pedi. Akarudi baada ya siku moja akasema, "Naona kama inazama kidogo." Siku hiyo nilikuwa na magari manne yananingoja, au niseme ukweli, mawili. Nikamwambia, "Pedi mpya huwa hivyo, mwalimu, zitazoea." Akashuka nalo Kiboswa. Alirudi kwa miguu, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, gari limebaki kwenye miti. Na unajua alikuja kufanya nini? Kunishukuru. Alisema bila kazi yangu nzuri angekufa. Akasema Mungu alitumia mikono yangu. Nami nikasema amina.

Hiyo amina imekaa hapa kooni miaka yote. Ndiyo maana Jumamosi jioni sikuweza kula, mama yako akadhani ni malaria.

Jumapili tukaenda kanisani, na Jumatatu tukaanza kutafuta. Hapo nilikufundisha vizuri, hata kama nilikuwa najificha. Tulitoa upepo. Wewe ndani, mimi chini. "Kanyaga. Shikilia. Achilia." Chupa nzima ya mafuta ya breki ikaisha, tukafungua ya pili, na pedali bado laini kama obusuma, ugali wetu, ulioepuliwa kabla ya kuiva. Nikasema basi ni busta, lile boga jeusi linalousaidia mguu. Tukalijaribu. Zima injini, kanyaga mara nne tano mpaka pedali ikaze, shikilia hapo, washa injini. Pedali ikashuka kidogo chini ya mguu wako, kama mtu anayeshusha pumzi. Hiyo maana yake busta ni nzima. Ingebaki ngumu kama jiwe na gari halisimami, hapo ningelishtaki busta, ama ningetafuta grisi iliyogusa pedi. Nikasema basi ni masta silinda, ile pampu ndogo yenye mafuta pale juu. Nikakwambia kanyaga mpaka ishike, halafu usimame juu yake, uhesabu mpaka thelathini. Kama raba zake za ndani zimekufa, pedali hushuka yenyewe polepole wakati mguu umetulia. Ukahesabu mpaka arobaini kwa ukaidi. Haikushuka.

Ukiona gari linavuta upande mmoja, ni kalipa moja imelala. Lako halikuvuta popote, lilizama tu, sawa kulia sawa kushoto. Hivyo, Muhonja, kwa mikono yangu mwenyewe niliwaachilia huru washtakiwa wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka kortini akabaki mtu mmoja tu amesimama. Alikuwa mimi.

Ndipo ukachuchumaa karibu na gurudumu la kushoto.

"Khotsa."

"Mm."

"Hii nati ya kutolea upepo inatazama chini."

"Inatazama inakotaka."

"Lakini si ilikuwa inatazama juu? Na ya upande ule pia iko chini. Khotsa, si wewe ulinionyeshanga na soda?"

Nilikuonyesha. Ulikuwa na miaka saba, tumekaa mbele ya duka pale Khayega, ukaniuliza upepo unatokaje kwenye breki. Nikakununulia soda, nikaitikisa, nikakuonyesha mapovu yanavyokimbilia shingoni. "Upepo hupanda juu. Ukitoboa chupa juu, unatoka upepo. Ukitoboa chini, inatoka soda, upepo unabaki ndani unakucheka." Ukainywa ile soda polepole mpaka jioni, unayatazama mapovu. Watu wakaniuliza kwa nini nafundisha msichana mambo ya magari. Nikawaambia huyu atakuwa waziri wa barabara. Hilo sijalifuta, bado lina nafasi.

Na Jumatatu soda ile ikanirudia. Kama kalipa ya kulia umeifunga kushoto na ya kushoto kulia, zinaingia vizuri tu, bolti zinakubali, pedi zinakubali. Kitu kimoja tu kinageuka: nati ya kutolea upepo inatazama ardhini. Unaweza kutoa mafuta mpaka kiwanda kifungwe, upepo umekaa juu, haujui hata kama kuna mlango.

Ukaniuliza tena, pole, kwa adabu, na adabu yako ndiyo iliyoniumiza. "Khotsa, ulipozitoa ulizitia alama?"

"Mimi? Kazi isiyo na alama ni kazi ya kuku. Nilizitia."

"Alama gani?"

Hapo nikakumbuka nimesahau spana nyumba ya jirani.

Nikakaa kule kwa jirani mpaka giza likawa karibu. Niliporudi nikakufokea kwamba nimetengeneza magari kabla mama yako hajaolewa, na kwamba macho ya kijana huona mambo yasiyokuwepo. Ukasema, "Sawa, khotsa." Ukanawa mikono ukaenda kumsaidia mama yako kuni. Na mimi nilimwona yule mwalimu na mkono wake shingoni, isipokuwa mara hii alikuwa amevaa leso yako.

Wacha nikwambie kwa nini alama ni kidonda kwangu. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja niliajiriwa kwenye gereji kubwa kule Kisumu. Shule niliacha darasa la tano, wewe unajua, ingawa kwa watu husema la saba. Msimamizi akaniambia nitoe vyuma vya breki za lori na nitie alama kwa Kiingereza, herufi moja kila upande. Nikatia. Jioni akaniita mbele ya mafundi wote.

"Hii L ni ya nini?"

"Ni ya laiti, bwana."

"Laiti ni upande gani?"

Nikainua mkono wa kulia.

"Na hii R?"

"Refti, bwana."

Unajua ulimi wetu wa huku, l na r ni ndugu wanaoazimana nguo. Mimi hata sikujua kuna kosa. Gereji nzima ililala chini kwa kicheko, na lori lenyewe lilikuwa limeshatoka likavuta upande mmoja likaingia mtaroni hapo hapo langoni. Hakuna aliyeumia. Lakini miaka miwili sikuitwa jina langu pale. Niliitwa Laiti. "Laiti, leta chai." "Laiti, washa taa." Siku niliyoondoka niliapa kwamba herufi ya Kiingereza sitaiandika tena juu ya chuma chochote maishani mwangu. Na kiapo hicho, mwanangu, nimekishika hata Ijumaa iliyopita. Na kule gereji ndipo nilipoanza kuongea sana. Nikagundua kwamba mtu akiwa anacheka hadithi yako hapati nafasi ya kukucheka wewe.

Jana ulipoenda mjini kununua blanketi, nikainua gari kwa jeki peke yangu, nikatoa magurudumu, nikalala chini nikatazama. Nati zote mbili zilikuwa zinanitazama usoni. Nikazibadilisha, ya huku huku, ya kule kule, nati juu kama jogoo. Lakini kutoa upepo kunataka mguu wa pili, na mguu uliokuwepo ulikuwa wa mama yako.

"Kanyaga, dada."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Haya, achilia."

"Niachilie nini?"

"Mguu!"

"Sema mguu basi. Mimi sikusomea gari."

Tukaendelea hivyo, kikopo cha jemu chini, mpira mwembamba ndani ya mafuta, na upepo ukaanza kutoka. Blu, blu, blu. Mapovu mengi mno, Muhonja! Sijui upepo wote huo ulikaa wapi. Nililala pale chini naangalia mapovu kama ulivyoangalia ile soda, na nisingependa uulize kama macho yangu yalikuwa makavu. Mafuta ya breki huwasha macho.

Pedali ikapanda, ikakaza. Nikamwambia mama yako apande, tunaenda kujaribu. Akaniuliza, "Kama haijapona?" Nikamwambia, "Basi tutakuwa wawili, na mtoto hatakuwemo." Akatazama gari, akanitazama mimi, akajifunga leso, akapanda. Huyo ndiye dada yangu. Tulishuka ule mteremko wa mtoni mara tatu, kila mara kasi zaidi. Mara ya tatu nikakanyaga, gari likasimama kama limeitwa jina, na kilemba cha mama yako kikamfunika macho. Akakirudisha, akasema, "Sasa hiyo ndiyo baraka. Ilikuwa nini?"

"Masta silinda," nikasema.

Jioni ukarudi, nikakwambia hivyo hivyo, masta silinda, nimeirekebisha kwa ujuzi wa pekee. Ukakanyaga, ukacheka. Halafu ukashuka, ukapita karibu na gurudumu, ukainama kama mtu anayefunga kiatu. Ulikuwa umevaa ndara. Ukaiona nati imetazama juu. Ukainuka, ukanishika mkono kwa mikono yote miwili, ukasema, "Asante, khotsa." Basi. Mbele ya wale wazee wa dukani hukusema lingine.

Ulijua. Nami nilijua umejua. Umenifunika nguo mbele ya watu, wewe ambaye nilikubeba mgongoni.

Kwa hiyo sikiliza. Kule Ahero utakutana na mafundi, na wengi wao watakuwa na mdomo kama wangu. Wasikilize hadithi, hadithi haina kosa, lakini macho yako yabaki kwenye mikono yao. Fundi akikwambia "itazoea," muulize, "Pedali iko juu au inazama?" Akikasirika, usipande. Na ukishuka Kiboswa kesho, ingia gia ya pili kabla mteremko haujaanza, si ukiwa katikati, uache injini ikushikie gari, mguu upumzike. Ukisikia harufu kama nywele zinazoungua, simama kando ununue ndizi, uache breki zipoe. Siku yoyote pedali ikibadilika chini ya mguu wako, hata kidogo kama kope, usijadiliane nayo. Tafuta kibanda cha simu, piga pale dukani Khayega, wataniita. Nitakuja na jeki yangu. Na sitaanza na habari ya mkubwa wa Nairobi. Yule, kwa kweli, alikuwa dereva wake, na alitaka tu kuazima jeki.

Kesho asubuhi watu watajaa hapa. Mama yako ameshamfunga jogoo wa kukupa. Nitaweka mkono juu ya boneti na nitasema maneno makubwa, unanijua, nitataja mito na milima na labda yule dume. Hayo ni ya watu, wape wayale. Ya kwako ni haya, nitayaweka kwenye kidroo cha dashibodi, uyasome ukishatoka hapa, kabla hujafika Kiboswa. Nimefurahi kwamba macho yako ni mazuri kuliko yangu. Nimefurahi kwamba uliuliza, hata nilipokufokea. Usiache kuuliza. Na ukija Krismasi, utatoa magurudumu wewe, mimi nikupe spana.

Mvua imepungua. Nasikia watoto njiani wanaimba fundi anaomba, kwa hiyo uko karibu, watakuwa wanalikimbilia gari lako. Wacha nimalize kabla hujaingia.

Uliniuliza swali Jumatatu, nikakimbilia spana. Uliuliza alama gani. Nilishaapa juu ya Kiingereza, hivyo Ijumaa nilichukua msumari nikaandika kwa Kiswahili safi, herufi moja kwa kila kalipa, ya kulia na ya kushoto, nikazitumbukiza katika beseni, nikajisifu mbele ya wale wazee: mnaona, huyu ni fundi anayeandika. Nikanywa chai. Nikarudi, nikatoa ya kwanza, nikaifuta kwa kitambaa, nikasoma. K. Nikatoa ya pili, nikaifuta, nikasoma. K.

Nikatazama huku na huku kama kuna aliyeona. Kisha nikabahatisha.

Khotsa wako,
Khayega